Kinga Bila Gia, Mota ya Nini?

Manze, tuongee ukweli. Kila msee amewahi kunyonga kinga na magunia ya makala nyuma, akakutana na mlima wa Kalemie saa saba mchana, ameshaota mota. Si mota ya kuringa. Mota ya kuokoa goti. Na siku hizi ukifungua simu video ni zilezile: mzungu fulani anafunga dude jeusi pale kwenye pedeli, kidogo anapaa milimani bila tone la jasho. Dude ndilo hilo, mota ya katikati, na bei yake si ya mchezo: mamia ya dola hata kabla hujagusa betri. Kabla hujachomoa hata franka moja, skiza.

Rada ni hii. Kuna mota za habu, zile zinajificha katikati ya gurudumu na kulizungusha moja kwa moja. Halafu kuna hizi za katikati: zinaingia kwenye tundu la krenki, chini ya miguu yako, na zinavuta cheni ileile unavuta wewe. Utamu wote uko hapo. Nguvu yake ikipita kwenye cheni, inapita pia kwenye gia. Mlimani unashusha, mota inazunguka kwa raha na gurudumu linapata msukumo wa maana. Tambarare unapandisha, unakata upepo. Mota ya habu haina hiyo bahati, iko na gia moja mpaka ife.

Sasa swali lenye kwenye video hakuna mtu anauliza: kinga yako iko na gia ngapi? Phoenix ya Mchina, Hero ya Mhindi, zile chuma zinabeba huu mji mgongoni, ziko na gia moja. Moja tu, na ni nzito. Ukifunga mota ya katikati hapo, umenunua kazi ya mota ya habu kwa bei ya juu, na kila mara unakula cheni. Mbaya zaidi, mota inapenda kuzunguka haraka. Ipatie kilo 100 za mzigo, mlima na gia nzito, itakokota polepole. Umeme unaingia mwingi, mwendo unatoka kidogo, kinachobaki chote ni joto. Hapo ndipo kontrola inaungua na gia ya nailoni mle ndani inalainika. Halafu msee anazunguka mtaani akilaani vitu vya Mchina. Buda, uliitesa mwenyewe.

Kwa hiyo makuta ya kwanza yaende nyuma: friwili ya gia sita ama saba na kibadilishio chake, ama utafute kinga ya mtumba yenye gia tayari. Fremu ya Phoenix huko nyuma ni nyembamba, fundi itabidi aipanue kidogo. Chuma kinakubali. Alumini usijaribu, itapasuka.

Sawa, gia ziko. Tuchambue mota zenyewe.

Bafang, kampuni ya Suzhou kule Uchina, ndio wenye zile mbili kila mtu anazitaja. BBS02 kubwa ni wati 750, kilo kama nne, na kontrola yake inavuta mpaka ampea 25. Kwa betri ya volti 48 hiyo ni wati 1200 ukiikamua. Kaka yake BBSHD ni wati 1000, ampea 30, kiwanda kinaandika nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 160, na uzito unapita kilo tano. Watu wanabishana juu ya wati, lakini mimi naangalia mwili. BBSHD iko na chuma kingi cha kumeza joto, inaweza kupanda mlima mrefu na mzigo bila kupiga kelele. BBS02 mlima huohuo itaupanda pia, ila lazima uwe na adabu ya kushusha gia mapema.

Tongsheng nao wako na TSDZ2. Hiyo ni nyepesi, bei yake ni rafiki, na iko na akili ya tofauti: inasikia mguu. Ukikanyaga kwa nguvu inakusaidia kwa nguvu, ukilegea nayo inalegea. Bafang hizo mbili hazisikii hivyo, zinajua tu kama pedeli inazunguka ama haizunguki, na ziko na aksileta ya kidole gumba ukichoka kabisa. Kwa yaya anayetoa kikapu cha mikebuka ziwani kupeleka soko, ama mwanafunzi wa chuo, TSDZ2 ni tamu sana. Unaendesha kama kawaida, ila miguu imekuwa ya simba. Kwa msee wa makala, hapana. Msee wa makala saa kumi jioni hana mguu wa kusikiwa.

Kuna pia CYC za Hong Kong, za kuruka na kupiga picha. Tunapita.

Na hapa kuna kitu sijaona mtu akikiongelea. Wasee wengi wa makala mlimani hawanyongi, wanasukuma. Kinga inakuwa punda, mtu anatembea kando. Sasa Bafang ziko na kitufe: ukikibana, mota inatembea mwendo wa mguu bila mtu kukaa juu, na krenki hazizunguki, kwa hiyo pedeli haikupigi mguu. Gia ya chini kabisa, kitufe kimebanwa, magunia yanapanda mlima na wewe unashika tu usukani. Kwangu mimi hiyo peke yake inashinda ule mwendo wa kasi wa kwenye video. Huo mwendo utaupelekea wapi, na mashimo tuko nayo?

Kabla ya kuagiza, chukua rula. Bafang hizi zinataka tundu la krenki lenye upana wa milimita 68 mpaka 73 na kipenyo cha ndani kisichopungua 33.5. BBSHD iko na saizi za fremu pana zaidi pia. Toa krenki, safisha grisi, pima. Kuna fundi atakwambia kwa macho kuwa inaingia. Mwambie apime.

Betri ndiyo roho, na ndiyo itakula makuta. Ya volti 48 na ampea-saa 13 inabeba wati-saa 624. Ukiwa mwepesi kwenye tambarare, unakula wati-saa kama 15 kwa kilomita, hiyo ni kilomita 40 na ushei. Na mzigo na mlima hesabu 30, unabaki na 20 hivi. Chaja ya ampea 2 inaijaza kwa saa sita ama saba, kama umeme uko. Na hapo ndipo pana stori. Umeme wetu unatoka Bendera, kwenye maporomoko ya mto Kiyimbi, mtambo wa wakati wa Wabelgiji. Wapiganaji wa Che Guevara waliushambulia mwezi wa 6, 1965, wakafurushwa. Leo hauhitaji Che, unajizima wenyewe. Kwa hiyo chajia usiku ukiupata, na usilale na betri chini ya kitanda: lithiamu ikiwaka, maji ya ndoo haitayasikia.

Na lithiamu yenyewe iko hapa hapa provensi yetu. Mwamba wa Manono ni kati ya akiba kubwa zaidi duniani, makampuni yanapelekana kortini juu yake. Lakini seli itakufikia na maandishi ya Kichina, imepita Dar, imepita Kigoma, imevuka ziwa. Na usimtume ndugu yako aibebe kwenye ndege kutoka Lubumbashi: ndege za abiria hazikubali betri ya kupita wati-saa 160, na yako iko karibu mara nne ya hiyo.

Breki sasa. Zile za fimbo kwenye rimu ya chuma, mvua ikinyesha zinakuwa pambo. Mota imekupandisha na kilo 100, nani atakushusha? Weka breki za waya na rimu ya alumini hata kama ni nyuma tu.

Mimi nikipewa hayo makuta leo, nachukua BBS02 kwa mizigo ya kawaida, na BBSHD kwa mtu anayeishi kwa makala peke yake. Kwenye boksi lileile naongeza gia ya nailoni ya akiba, cheni mbili, na kebo ya kuunganisha kontrola na kompyuta. Hiyo kebo watu wanaidharau, lakini nayo unashusha ampea kutoka 25 mpaka 18, mota inapoa, cheni inaishi, na betri inafika mbali na kurudi.