Je, Wajua? Gladiola Ina Kwao, na Kwao ni Afrika!

Je, wajua kwamba gladiola, yale maua marefu ya harusini, ni mtoto wa Afrika? Duniani kuna aina karibu 300, na zaidi ya 250 asili yake ni bara hili!

Na wewe wa Kachibora, usitazame mbali. Gladiolus dalenii humea yenyewe kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya, nyekundu na manjano, ndege chozi akiinyonya. Imeenea toka Afrika Kusini hadi Senegali, ikavuka bahari mpaka Arabuni!

Wajua ni mzazi wa nani? Mwaka 1841, mjini Ghent, Ubelgiji, chotara wake aliingia sokoni. Gladiola nyingi za madukani leo zina damu yake.

Kile unachopanda ukakiita mzizi, si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya ardhi, liitwalo tunguu! Hata nduma uliyonywea chai asubuhi ni shina la namna hiyo hiyo.

Sikia hili: ukipanda tunguu moja, hulikuti tena. Linanyauka, jipya linaketi juu yake, na pembeni vinajaa vitoto vidogo vitakavyochanua baada ya miaka 2 au 3.

Zafarani ya pilau ni binamu wa gladiola. Kilo 1 hudai maua kama 150,000. Sasa waona kwa nini bei ni kali?

Wadhani gladiola zote huogopa baridi? Iko moja ya pwani za Mediterania, Gladiolus byzantinus, inayolala ardhini majira yote ya baridi ya Uingereza, kisha inachanua Mei na Juni!

Gladiola pia hupima hewa. Moshi wa kiwanda ukiwa na floridi, ncha za majani huungua mapema, kabla ya mimea mingi mingine.

Maua yake hufunguka kuanzia chini kupanda juu. Kata shina ua la chini likianza tu kuonyesha rangi. Yaliyobaki yatachanuka mezani pako!

Ulaya wengi huzichimbua gladiola kila mwaka zisigande. Wewe huna barafu, una mvua ya masika na jua. Fukia tunguu sentimita 10 hadi 15, na kwa takriban miezi 3 utakuwa unakata maua. Haya, jembe liko wapi?