Riwaya ya Kwanza: Safari ya Mswada Kutoka Unguja

Ijumaa moja, baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri barazani nje ya msikiti, Mji Mkongwe, akiwa na bahasha nzito kwapani. Tuliposalimiana alinikabidhi. Ndani mlikuwa na madaftari manne ya skuli yaliyojaa mwandiko wa kalamu ya wino wa buluu: riwaya aliyoiandika kwa miaka mitatu, usiku, baada ya kazi. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, aipeleke wapi ili ipigwe chapa. La pili aliliuliza kwa sauti ya chini, huku akiutupia jicho mlango wa msikiti: je, huu si uwongo? Kwani babu yake amemwambia kuwa mwenye kuandika mambo yasiyotokea, juu ya watu wasiokuwapo, atakuja kuulizwa.

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, nikamuahidi kuwa nitamjibu kwa urefu hapa.

Nianze na la pili, kwani ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Mimi si mtoa fatwa, na mwenye kutaka hukumu na awaendee wenye elimu yake. Ninalolijua ni kuwa Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani na kuifikia kwa akili yake imani ya kuwa ulimwengu una Muumba. Hayy hakuzaliwa na mama yeyote katika dunia hii, na hakuna aliyedhani kuwa mwandishi amekusudia kumdanganya msomaji. Mwongo ni yule anayetaka usadiki kuwa jambo limetokea na hali halikutokea. Bibi zetu wanaposema "Paukwa" nasi tukajibu "Pakawa", tunakuwa tumekwisha kupatana kabla ya neno la pili kuwa hiki ni kisa. Riwaya nayo ina "paukwa" yake, imeandikwa juu ya jalada. Na babu apewe haki yake: mwenye kumchafua jirani kwa jina la kubuni, watu wote wa mtaa wakamjua, huyo ana la kuulizwa.

Sasa tuje kwenye chapa. Haikuwa kitu kigeni Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta matbaa iliyopiga chapa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi kwa Kiarabu, na wamisionari wa Kiingereza nao walikuwa na mashine yao ya kuchapa vitabu vya Kiswahili. Lakini riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu wa Unguja ilichelewa sana, na ilipokuja ilibidi ivuke bahari kwanza.

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kumsikia Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko asiyekuwa na haraka. Aliyembuni ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza skuli alifanya kazi katika idara ya afya kwa miaka kumi hivi, na mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, akasaidia uhariri wa magazeti mengine ya hapa, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, alilolifanyia kazi hadi alipostaafu mwaka 1968.

Mtu huyu hakuwa na mchapishaji wa riwaya wa kumwendea mjini. Palikuwa na Nairobi, ambako East African Literature Bureau, idara ya vitabu iliyoundwa na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki mwaka 1948, ilitangaza mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili. Katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, mswada wake wa "Mzimu wa Watu wa Kale" ulishika nafasi ya kwanza. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1960. Mwandishi alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, na juu ya ushindi wake hakuacha kazi ya kuwahariria wakulima gazeti lao.

Napenda tukae hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo watu hulipita mbio. Yasemwa sana kuwa Bwana Msa ni nduguye Sherlock Holmes, na ni kweli kuwa kiko na yule rafiki wa kumuuliza maswali, Najum, havikuja bure. Lakini tazama mwandishi alikokiweka kisa chake. Maiti inaonekana mzimuni, na watu wako tayari kuamini kuwa mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa anakataa. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa sababu gani. Mtoto wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako mizimu haikuwa jambo la kusimuliwa tu, alichukua jambo lililo chini ya dari ya nyumba yake akalitazama kwa jicho jipya. Mswada wa namna hiyo, nadhani, ndio unaomfanya msomaji wa mashindano, aliyechoka na rundo mbele yake, avute kiti karibu.

Mwaka huohuo wa 1960, idara hiyohiyo ilitoa "Kurwa na Doto" cha Muhammad Saleh Farsy, kinachoeleza maisha ya kijiji cha Unguja. Kitabu cha pili cha Muhammed Said Abdulla, "Kisima cha Giningi", hakikutoka hadi mwaka 1968. Miaka minane! Katikati yake pamepita uhuru wa Disemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964.

Walioandika baadaye nao walivuka maji. Adam Shafi, aliyefungwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, riwaya yake ya kwanza kutoka, "Kasri ya Mwinyi Fuad", ilichapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Yale ya kifungoni yalingoja hadi "Haini" ya mwaka 2003. Naye Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuondoka akiwa kijana, alitoa riwaya yake ya kwanza London mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 38. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2021, na mwaka uliofuata ndipo "Paradise", aliyoitoa mwaka 1994, ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Kwa hivyo kijana wangu asione dhiki kwa miaka mitatu.

Ama kuhusu wapi pa kuipeleka, mlango wa mashindano aliopitia Muhammed Said Abdulla bado upo, ingawa wenye nyumba wamebadilika. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imepokea miswada ambayo haijachapishwa, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Mwenye kwenda kwa mchapishaji moja kwa moja na atazame kwanza mchapishaji huyo hutoa vitabu gani, kwani wengi wao huishi kwa vitabu vya skuli, na riwaya isiyoweza kuingia darasani huwatia hofu. Jibu huchukua miezi. Mkataba ukija, usomwe mstari kwa mstari, hasa pale panapotajwa mrabaha na muda wa haki.

Na mwenye kutaka kujichapishia? Hakatazwi. Ila mimi nilipokuwa kijana nilimlipa mwenye matbaa mmoja, nisiyemtaja, anipigie chapa kijitabu changu. Nililetewa nakala mia tatu, na katika kila moja ukurasa wa 33 hadi wa 48 ulikuwa umetiwa juu chini. Nilizigawa bure harusini na matangani. Hadi leo wapo wanaoniuliza kama nilifanya vile kwa makusudi.

Kijana, madaftari yako nimeyasoma yote. Yule mama muuza mbatata wa Darajani nimemjua kuwa si mtu wa kweli, na hata hivyo juzi nilipita pale nikajikuta namtafuta. Uje uyachukue kabla hujaenda kwa mpiga taipu, na uje na kalamu: ukurasa wa kwanza wa daftari la pili umeliwa na mende, na mistari sita ya mwanzo haisomeki.