Kuhifadhi, Kushikilia na Kufuta: Istilahi za Kumbukumbu za Namba za Magari

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo kazi ya mfasiri imekuwa nzito zaidi. Zamani neno lililokosewa liliweza kusahihishwa kwa kurejea matini ya Kiingereza. Siku hizi, sheria ikitungwa kwa Kiswahili, neno la Kiswahili lenyewe ndilo sheria. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno machache yahusuyo muda ambao polisi wangepaswa kukaa na kumbukumbu za namba za magari zilizosomwa na kamera.

Kwanza, chombo chenyewe. Madereva wetu wanaijua sana tochi, yaani kile kifaa ambacho askari wa usalama barabarani humwelekezea dereva ili kupima mwendo wake. Wapo wanaotaka jina hilo litumike pia kwa kamera isomayo namba. Sisi hatukubaliani nao. Tochi inakusudiwa kumnasa aliyezidisha mwendo. Kamera hii nyingine husoma namba ya kila gari lipitalo, la mwenye kosa na la asiye na kosa, ikaandika mahali, tarehe na saa. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea maneno kama kipimajoto, tunapendekeza kisomanamba. Na kile kinachoandikwa nacho tukiite kumbukumbu ya mapito.

Neno lenye matatizo zaidi ni kuhifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inafuata kanuni kwamba taarifa za mtu zisikae kwa muda unaozidi haja iliyofanya zikusanywe, ingawa imeweka pia misamaha, hasa katika mambo ya usalama na uzuiaji wa uhalifu. Katika mijadala ya kanuni hiyo kitenzi kinachotumika aghalabu ni kuhifadhi. Je, msomaji wa kawaida huelewa nini? Mwanafunzi wa chuo aliyehifadhi Kurani hatazamiwi kuisahau. Na mtu wa Ringwani, mkoani Mara, akisikia neno hifadhi, fikira yake huenda moja kwa moja kwenye Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo ilianzishwa mwaka 1951 na haikuwekewa siku ya kwisha. Kwa hiyo tukimwambia kwamba polisi "watahifadhi" kumbukumbu ya mapito ya pikipiki yake, ana haki ya kudhani kwamba itakaa milele. Neno lina harufu ya kudumu, ilhali sheria inataka kueleza jambo lenye mwisho.

Wenzetu wengine wamependekeza kushikilia. Neno hili limezoeleka katika taarifa za polisi: mtu anashikiliwa kwa mahojiano. Uzuri wake ni kwamba anayeshikiliwa lazima ama afikishwe mahakamani ama aachiwe, na sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataja saa 24. Ubaya wake ni kwamba linatia shaka juu ya kila mtu, na wengi wanaopita mbele ya kisomanamba hawashukiwi kwa lolote. Basi tunaona afadhali kubaki na kuhifadhi, lakini lisiachwe peke yake kamwe. Liandamane na neno ukomo, ambalo watumishi wa serikali wanalijua vema katika ukomo wa bajeti. Waraka useme ukomo wa kuhifadhi, kisha utaje siku kwa tarakimu. Maneno kama "kwa muda unaofaa" hayamfai mwananchi wala hakimu.

Tarakimu hizo zinatofautiana mno duniani. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, sheria imeamuru kumbukumbu zisizohusiana na gari linalotafutwa zifutwe ndani ya dakika 3. Uingereza polisi hukaa nazo kwa kawaida miezi 12. Nchini Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwezi Machi 2008, katika mashauri ya majimbo ya Hessen na Schleswig-Holstein, kwamba namba isiyokuwamo katika orodha ya zinazosakwa yapasa kufutwa papo hapo bila kuacha alama. Kati ya dakika 3 na miezi 12 umbali ni mkubwa, nao hautokani na mitambo. Unatokana na jibu la swali moja: je, anayepita bila kosa awekewe kumbukumbu kwa sababu tu huenda siku moja akahitajika?

Huko Tarime na Serengeti swali hili si geni kama linavyoonekana. Ng'ombe wakiibwa, watu hufuata nyayo, na kijiji zinakoishia hutakiwa kujibu. Lakini nyayo zina ukomo wake. Mvua ikinyesha zimekwisha. Sasa tuseme mtu wa Ringwani alikwenda Mugumu kwa pikipiki usiku ule ule zizi la mtu lilipovunjwa, na kisomanamba kikaandika. Baada ya wiki moja anaweza kueleza alikokwenda na kuleta shahidi. Akiulizwa baada ya miaka mitatu atajibu nini? Amesahau, na shahidi wake labda amehama. Kwa upande wa pili, aliyeibiwa naye ana haki yake, na wapelelezi wanahitaji siku kadhaa kabla ya kujua watafute namba ipi. Kwa hiyo dakika 3 zingekuwa chache mno huku kwetu. Maoni yetu ni kwamba wiki chache zinatosha kwa mapito yasiyohusika na shauri lolote, na yale yanayohusika yakae hadi rufani imalizike.

Limebaki neno kufuta. Kesi hufutwa, leseni hufutwa, na usajili wa gari nao hufutwa. Ofisa akiandika "namba ya gari ifutwe baada ya siku 30", mwenye gari atakimbilia mamlaka ya mapato akidhani amenyang'anywa usajili! Kuteketeza nako kunafaa zaidi majalada ya karatasi. Tunashauri iandikwe kwa ukamilifu: kumbukumbu ya mapito ifutwe, pamoja na nakala zake zote. Maneno haya ya mwisho yasiachwe, kwani kumbukumbu iliyofutwa kituoni yaweza kuwa ingalipo makao makuu, au katika mashine za kampuni iliyouza kisomanamba.