Kukadiria umbali kwa retikuli

Kukadiria umbali kwa retikuli ni njia ya kujua mnyama au shabaha iko umbali gani kwa kutumia alama zilizomo ndani ya darubini ya bunduki, bila kifaa kingine cha kupimia. Retikuli ni ule msalaba wa mistari myembamba anaouona mtu akichungulia ndani ya darubini hiyo. Mara nyingi mistari yake ina nukta au vistari vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Mwindaji husoma mwili wa mnyama unachukua nafasi ngapi kati ya alama hizo. Kwa kuwa anakijua kimo cha mnyama, hukokotoa umbali kwa hesabu fupi ya kugawanya.

Njia hii hutumiwa hasa na wawindaji wa maeneo ya wazi, walengaji wa kijeshi na wapiga shabaha wa mashindano. Tangu vipima umbali vya leza vilipoenea katika miaka ya 1990 imekuwa njia ya akiba kwa watu wengi, lakini bado hufundishwa kwa sababu haihitaji betri na ni rahisi kueleweka.

## Umuhimu

Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Mara tu inapotoka mtutuni huanza kushuka kwa sababu ya mvutano wa dunia, na kadiri inavyopoteza kasi ndivyo inavyoshuka zaidi kwa kila mita inayosafiri. Bunduki ya .308 Winchester iliyorekebishwa ili ipige katikati kwa mita 200 hushusha risasi yake takriban sentimita 25 ikifika mita 300, na zaidi ya sentimita 60 ikifika mita 400.

Kifua cha kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini kina kina cha takriban sentimita 45 kutoka mgongoni hadi chini ya kidari. Sehemu yenye moyo na mapafu ni ndogo zaidi. Mwindaji akidhani kulungu yuko mita 300 kumbe yuko mita 400, risasi itapiga sentimita 30 au zaidi chini ya alipolenga. Akiwa amelenga katikati ya kifua, risasi itapita chini ya kidari au itavunja mguu. Mnyama aliyevunjika mguu anaweza kukimbia mbali na kufa baada ya saa nyingi au siku kadhaa. Akiwa ni mnyama kama nyati, aliyejeruhiwa huwa hatari kubwa kwa watu wanaomfuata na kwa wanaoishi jirani.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya kujua umbali ni kumwezesha mwindaji kuamua kama apige au aache.

## Historia

Wazo la kupima umbali kwa pembe ni la kale kuliko darubini za bunduki. Katika karne ya 18 wapimaji ardhi walianza kuweka nyuzi mbili za mlalo ndani ya darubini zao na kutazama fimbo yenye vipimo iliyosimamishwa mbali. Urefu wa fimbo unaoonekana kati ya nyuzi hizo uliwapa umbali. James Watt, anayejulikana zaidi kwa injini ya mvuke, alitumia kifaa cha namna hiyo huko Uskoti mnamo mwaka 1771.

Katika karne ya 19 mhandisi Mswisi Charles-Marc Dapples alipendekeza kutumia sehemu ya elfu moja ya radiani kama kipimo cha pembe, na wapiga mizinga wa nchi mbalimbali wakaupokea mfumo huo. Kwa urahisi wa hesabu majeshi yaliugawa mduara kwa namba kamili: nchi za NATO hutumia sehemu 6400, na Umoja wa Kisovyeti ulitumia 6000. Miliradiani halisi katika mduara mzima ni takriban 6283.

Bunduki ya Kisovyeti SVD, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1963, ilikuwa na darubini ya PSO-1. Retikuli yake ilichorwa mstari uliopinda wa kupimia umbali wa mtu mwenye kimo cha mita 1.7. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kikosi cha Wanamaji cha Marekani kilianza kutumia retikuli yenye nukta zilizoachana kwa miliradiani moja. Muundo huo uliingia baadaye katika darubini za kiraia, na kutoka hapo ukawafikia wawindaji.

## Kanuni

Msingi wa njia hii ni trigonometria ya pembe ndogo. Kitu kilekile kikisogezwa mbali mara mbili, pembe kinayoichukua machoni hupungua kwa nusu. Ukijua ukubwa wa kitu na pembe yake, umbali hupatikana kwa kugawanya.

Vipimo viwili vya pembe hutumiwa katika darubini za bunduki:

* Miliradiani, au kwa kifupi mili, ni sehemu ya elfu moja ya radiani. Mili 1 hufunika sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, na mita 1 kwa umbali wa mita 1000.
* Dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Hufunika takriban sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Mili 1 ni sawa na dakika 3.44 hivi.

Kutokana na hayo zinapatikana kanuni mbili:

* Umbali kwa mita = ukubwa kwa sentimita × 10 ÷ mili
* Umbali kwa mita = ukubwa kwa sentimita × 34.4 ÷ dakika za pembe

Kwa mfano, kulungu mwenye kifua cha sentimita 45 akichukua mili 1.5, umbali wake ni 45 × 10 ÷ 1.5, yaani mita 300. Wawindaji wengi hawafanyi hesabu hiyo porini. Huandika jedwali dogo mapema na kulibandika kwenye kitako cha bunduki. Kwa kifua cha sentimita 45 jedwali huwa hivi:

* Mili 4.5: mita 100
* Mili 3.0: mita 150
* Mili 2.25: mita 200
* Mili 1.8: mita 250
* Mili 1.5: mita 300
* Mili 1.1: mita 400 hivi
* Mili 0.9: mita 500

## Kuchagua sehemu ya kupima

Jibu haliwezi kuwa sahihi kuliko ukubwa uliotumiwa katika hesabu. Kimo cha begani, kutoka kwato hadi juu ya bega, hupatikana katika vitabu vingi vya wanyama. Tatizo lake ni kwamba nyasi mara nyingi huficha kwato. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi hupendelea kina cha kifua, yaani kutoka mstari wa mgongo hadi chini ya kidari nyuma ya mguu wa mbele. Sehemu hiyo huonekana hata nyasi zikiwa za magoti, tena haibadiliki sana mnyama akigeuka upande kidogo. Urefu wa mwili kutoka kifuani hadi matakoni haufai, kwa maana hupungua mara tu mnyama asiposimama ubavu kamili.

Hata ndani ya spishi moja wanyama hutofautiana. Swala pala dume huwa na kimo cha begani cha sentimita 80 hadi 90 hivi, na jike ni mdogo zaidi. Tandala mkubwa dume anaweza kufika sentimita 150 au zaidi, hali jike mara nyingi hazidi 130. Mtu akitumia kipimo cha dume kwa jike atapata umbali mkubwa kuliko ulivyo, na risasi itapiga juu. Ndama na wanyama ambao hawajakomaa huleta kosa kubwa zaidi, kwa kuwa mnyama akiwa peke yake uwandani hakuna cha kumlinganisha naye.

## Hatua za kupima

1. Kutambua mnyama, jinsi yake na umri wake kwa darubini ya mkononi.
2. Kuegemeza bunduki mahali imara, kwa mfano juu ya fimbo za kuegemezea, mfuko au kisiki. Bunduki inayotikisika haiwezi kusoma sehemu ya kumi ya mili.
3. Kuweka mstari wa mlalo kwenye ukingo mmoja wa kifua, kwa kawaida chini ya kidari.
4. Kuhesabu alama hadi mstari wa mgongo, na kukadiria sehemu ya mwisho kwa kumi.
5. Kurudia kipimo. Visomo viwili visipolingana, cha tatu huhitajika.
6. Kugawanya, au kusoma jedwali.

## Retikuli ya mbele na ya nyuma

Katika darubini zenye ukuzaji unaobadilika, retikuli huwekwa mbele au nyuma ya lenzi za kukuza. Retikuli iliyo mbele hukua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo alama zake ni sahihi katika kila ukuzaji. Iliyo nyuma hubaki na ukubwa uleule machoni wakati picha inabadilika. Alama zake ni sahihi katika ukuzaji mmoja tu, ambao mara nyingi ndio wa juu kabisa na hutajwa na mtengenezaji.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea. Tuseme retikuli ya nyuma ni sahihi katika ukuzaji wa mara 10, na mwindaji ameiacha katika mara 5. Nafasi ya mili 1 sasa inafunika mili 2. Kifua cha sentimita 45 kilicho mita 300 kitaonekana kuchukua 0.75 badala ya 1.5, na hesabu itatoa mita 600. Mwindaji atakayeliamini jibu hilo atapiga juu kabisa ya mgongo wa mnyama, na risasi itaendelea hadi mahali asipopaona.

## Vyanzo vya makosa

Kosa la ukubwa huhamia moja kwa moja kwenye umbali: ukubwa ukizidishwa kwa asilimia 10, umbali nao huzidi kwa asilimia 10. Kosa la kusoma alama huongezeka haraka zaidi kadiri mnyama anavyokuwa mbali. Mtu akisoma pungufu kwa mili 0.1 kwenye kifua cha sentimita 45, mambo huwa hivi:

* Kwa mita 100 atapata mita 102.
* Kwa mita 300 atapata mita 321.
* Kwa mita 500 atapata mita 562.

Kosa la mita 2 halina madhara. Kosa la mita 62 katika umbali ambao risasi inashuka kwa kasi linatosha kumjeruhi mnyama bila kumuua. Hii ndiyo sababu njia ya retikuli ni ya kuaminika katika umbali wa kati, na hudhoofika pale ambapo umbali sahihi unahitajika zaidi.

Miinuko huleta tatizo lingine. Mvutano wa dunia huathiri risasi kwa kadiri ya umbali wa mlalo, si urefu wa mstari wa kutazama. Mnyama aliye mita 300 chini ya mteremko wa nyuzi 30 hupigwa kana kwamba yuko mita 260. Pamoja na hayo, kifua kinachotazamwa kutoka juu huonekana kifupi, na hivyo umbali huzidishwa. Makosa yote mawili huielekeza risasi juu.

Jicho tupu nalo hudanganya. Mnyama aliye kwenye mwanga mkali au ng'ambo ya bonde huonekana yuko karibu kuliko alivyo, na aliye kivulini huonekana mbali. Retikuli husaidia kusahihisha hisia hizo hata pale ambapo haitoi jibu kamili.

## Usalama

Darubini ya bunduki huelekea kule mtutu unakoelekea. Kutafuta wanyama kwa kuizungusha darubini hiyo ni kuielekezea bunduki kila kinachoonekana, wakiwemo watu na mifugo. Kutafuta na kutambua hufanywa kwa darubini ya mkononi, na baadhi ya hizo zina alama za mili zinazofaa kwa hesabu ileile.

## Afrika Mashariki

Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori kwa ajili ya mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nchini Tanzania huruhusiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hasa katika mapori ya akiba na mapori tengefu. Katika misitu ya miombo miti huzuia macho, na mwindaji huongozwa na wafuatiliaji wa nyayo hadi karibu na mnyama. Huko kusoma retikuli huhitajika mara chache. Huwa na manufaa zaidi kwenye mbuga za wazi.

Umbali ni muhimu pia kwa madaktari wa wanyamapori wanaotumia bunduki za sindano za usingizi. Bunduki nyingi za aina hiyo husukuma sindano kwa gesi, na kani ya gesi huwekwa kulingana na umbali. Ikizidi, sindano huweza kuumiza misuli au mfupa. Ikipungua, haimfikii mnyama. Kwa kazi hiyo kipima umbali cha leza hupendelewa.

## Ulinganisho na leza

Kipima umbali cha leza hutuma mwale wa mwanga na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi. Hakihitaji kujua ukubwa wa mnyama, na kosa lake kwa kawaida ni mita moja au mbili. Hata hivyo hushindwa betri ikiisha, na ukungu, mvua au nyasi zilizo mbele ya mnyama huweza kukipotosha. Wengi hutumia leza kwanza, kisha retikuli kuhakiki: jibu la leza likisema mita 180 na retikuli ikisema 300, kuna uwezekano kwamba mwale umegonga kichaka kilicho katikati.

## Tazama pia

* Bunduki
* Darubini
* Leza
* Trigonometria
* Uwindaji