TAHADHARI KUHUSU MITUNGI YA HEWA YA WAPIGA MBIZI

Wananchi na watumishi wa Serikali, hususan walio katika kazi za bandari, uvuvi na utalii, wanakumbushwa kuwa mtungi wa hewa wa mpiga mbizi ni chombo cha hatari hata uwapo nchi kavu. Mtungi uliojaa hubeba shinikizo la baa 200 hivi, yaani takriban mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo. Ukipasuka, nguvu hiyo hutoka kwa mara moja na huweza kuua.

Hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa Marekani hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifanywa kwa aloi namba 6351. Baadaye ilidhihirika kuwa aloi hiyo, ikikaa na shinikizo kwa miaka mingi, huweza kufanya nyufa ndani ya shingo, mahali vali inapofungwa, ilhali kwa nje mtungi huonekana mzima. Milipuko mingi ya mitungi hiyo ilitokea wakati wa kujaza. Mitungi ya chuma nayo, ikiingia maji ya chumvi, hufanya kutu inayodhoofisha kuta na kula oksijeni ya hewa iliyomo.

Kwa hiyo, wenye mitungi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kusoma alama zilizogongwa begani mwa mtungi. Usioonesha tarehe ya kutengenezwa na ya kupimwa usijazwe.

(b) Mtungi ukaguliwe na fundi mwenye ujuzi, ndani na nje, kila mwaka, na upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5.

(c) Vali isilazimishwe. Vali ya milimita 25 na ya robo tatu inchi hukaribiana. Isiyo yake huweza kuingia bila kushika, kisha ikafyatuka kama risasi.

(d) Mtungi uliojaa usiachwe juani. Kila joto likizidi digrii 1, shinikizo huongezeka kwa zaidi ya nusu baa.

(e) Mtungi uliopitiwa na moto usijazwe tena.

Mwananchi atakayeokota mtungi wa zamani asiugonge, asiuchome, wala asiukate kwa ajili ya kuuza chuma chakavu, kwani huenda ungali na hewa. Atoe taarifa kwa Sheha au kituo cha polisi kilicho karibu.