Jiliwa na Saa ya Fundi

Katika kisiwa kidogo cha Kojani, upande wa mashariki wa Pemba, wanaume wengi ni wavuvi, nao husafiri kwenda dago mbali na kwao. Zamani walitegemea tanga na upepo; siku hizi mashua nyingi zina injini. Injini huzungusha shafti, yaani nondo nene ya chuma, na mwisho wa shafti ndipo ilipo rafadha inayosukuma maji. Rafadha hushikwa na kabari ndogo ya chuma, nayo kabari hulala katika mfuo uliochongwa kwenye shafti. Mfuo ukienda upande, kabari haikai vema. Hulegea kidogo kidogo, na siku moja hukatika. Hapo injini hunguruma lakini mashua haiendi, na mikondo ya bahari ile ina nguvu.

Basi, mfuo huchongwaje hata unyoke? Fundi wa mashua akitaka kupasua ubao hupiga mstari kwa uzi uliotiwa ngeu, kisha msumeno hufuata mstari. Fundi wa chuma hafanyi hivyo. Katika mashine yake kisu huzunguka mahali pamoja, na meza ndiyo inayokwenda, ikichukua chuma kilichobanwa katika jiliwa. Meza hupita njia yake iliyonyoka, wala haijui kama jiliwa limepotoka. Kosa la nusu milimita katika jiliwa la sentimita 15 halionekani upesi kwa macho. Lakini likiendelea hata sentimita 60, limekwisha kuwa milimita 2.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kitambaa. Fundi hupangusa meza na tako la jiliwa, maana chembe moja ya chuma yatosha kuliinua. Kisha hulifunga kwa parafujo mbili, moja huikaza kidogo, ya pili huiacha imelegea. Ndipo huchukua saa ya kupimia, nayo si ya kutazamia wakati, ila ni chombo chenye mshale, na kila alama yake ni sehemu moja katika mia ya milimita. Saa hufungwa kwenye kichwa cha mashine, kisichokwenda pamoja na meza, na kidole chake hugusa taya la jiliwa. Taya lipi? Ni lile lisilosogea. Taya linalosogea huchezacheza, haliwezi kuwa shahidi.

Sasa meza husogezwa polepole toka ncha moja ya taya hata ya pili. Mshale ukihama alama 20, jiliwa limepotoka. Fundi hulipiga taratibu kwa nyundo ya mti, hupima, hupiga tena, hata mshale utulie mwendo wote. Halafu hukaza parafujo zote mbili. Wanafunzi wengi huishia hapo, na ndio wanaoharibu kazi, kwa kuwa kule kukaza kwenyewe huweza kulisogeza jiliwa. Fundi mzoefu hupitisha saa mara nyingine, na mshale ukicheza, hulegeza na kuanza upya. Ukitulia, huibana shafti na kuwasha mashine.