Winchester ya Babu

Winchester Model 1894 ni miongoni mwa bunduki kuukuu zilizozagaa zaidi kati ya zile ambazo familia za Marekani bado huingia nazo msituni. Zimetengenezwa zaidi ya 7,000,000, na nyingi kati ya hizo zimeshapita mikononi mwa watu watatu au wanne wa damu moja. Aliyeibuni, John Moses Browning wa Ogden, Utah, naye alirithi kazi yake: baba yake alikuwa fundi bunduki, na kijana alikulia kwenye karakana akiokota vipande vya chuma. Hataza ilitolewa Agosti 1894, na kampuni ya Winchester ikaanza kuifua bunduki hiyo katika kiwanda chake cha New Haven, Connecticut.

Mwanzoni ilitumia risasi za baruti nyeusi, ile ya kizamani inayomfunika mpigaji kwa wingu la moshi. Mwaka 1895 kiwanda kikaanza kutengeneza mitutu ya chuma kilichochanganywa na nikeli, imara vya kutosha kubeba baruti mpya isiyotoa moshi, na hapo ndipo risasi iitwayo .30-30 ilipozaliwa. Thelathini ya kwanza ni upana wa mtutu kwa sehemu za mia za inchi, yaani milimita 7.62. Thelathini ya pili ni uzito wa baruti uliotiwa awali, greni 30, ambazo hazifiki gramu mbili. Kichwa cha risasi chenye gramu 11 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa sekunde. Kwa mwindaji wa wakati ule aliyezoea risasi nzito na za polepole, hayo yalikuwa mapinduzi. Kwa vipimo vya leo ni mwendo wa wastani tu.

Utaratibu wake unaeleweka hata kwa kuutazama. Chini ya kitako, nyuma ya kifyatulio, kuna wenzo wenye tundu la kupitisha vidole. Ukishushwa, komeo hurudi nyuma, ganda tupu hurushwa juu, na nyundo hujikoki. Ukipandishwa, komeo husukuma risasi mpya chembani na kipande kizito cha chuma hupanda nyuma yake kuifunga. Risasi huingizwa moja moja kupitia kilango kidogo ubavuni, upande wa kulia, na hulala ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine.

Mpangilio huo wa bomba una gharama yake. Kila kichwa cha risasi hugusa kitako cha risasi iliyo mbele yake, penye fataki. Kichwa chenye ncha kali kinaweza kuigonga fataki bunduki inapolisukuma bega la mpigaji, na bomba zima likalipuka. Ndiyo maana risasi za .30-30 huwa na vichwa butu, bapa kwa mbele. Kichwa butu hupambana na upepo na kupoteza mwendo haraka. Bunduki iliyolengeshwa kwa mita 90 hushusha risasi yake takribani sentimita 20 ikifika mita 180, na hapo mahali pa kumuua kulungu mara moja, yaani moyo na mapafu, pana upana wa karibu kiasi hichohicho. Mwanzoni mwa karne hii zilitoka risasi zenye ncha ya plastiki laini, ambazo ni kali hewani lakini hazina madhara bombani, na zimeiongezea bunduki hii mita kadhaa. Hata hivyo vilengeo vyake vya chuma havina darubini, na jicho la mwenye miaka sitini haliwezi kuvifuata huko mbali.

Kwa hiyo bunduki kuukuu humpangia mwindaji namna ya kuwinda. Katika vilima vya Pennsylvania, ambako misitu ya mialoni imefumana, kulungu wa mkia mweupe huonekana kwa umbali usiofika hata mita mia, mara nyingi akipenya baina ya miti, na bunduki nyepesi ya kilo tatu inayokaa begani upesi hutosha kabisa. Winchester 94 ina ubavu mwembamba usio na mkono wa komeo unaochomoza, kwa hiyo hushikwa katikati kwa mkono mmoja, siku nzima, bila kukwaruza. Kundi la ndugu hugawanyika: wengine huswaga, wakipita katikati ya kichaka kwa kelele za kiasi, na wengine husimama kwenye njia wanazojua kulungu atatokea. Wazee ambao magoti hayawapandishi tena mlimani ndio husimama, na mara nyingi ndio hupiga.

Katika jimbo hilo msimu wa bunduki ulifunguliwa kwa miaka mingi siku ya Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na shule za vijijini zilifungwa kwa sababu madawati yangebaki matupu hata hivyo. Mwaka 2019 ufunguzi ulisogezwa hadi Jumamosi. Kijana wa miaka 12 anaweza kupata leseni baada ya kozi ya usalama, na kila mmoja msituni huvaa rangi ya chungwa kali ambayo binadamu huiona vizuri na kulungu hawezi kuitofautisha na majani. Baada ya Krismasi huja msimu mwingine, ulioanza mwaka 1974, wa bunduki za gumegume tu: baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, mdeki hushindilia, na jiwe hupiga cheche. Mbele ya bunduki hizo, Winchester ni ya kisasa.

Si kila familia ilichagua Winchester. Arthur Savage, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, alikwepa tatizo la bomba kwa kuziweka risasi kwenye gurudumu linalozunguka ndani ya mwili wa bunduki, kila moja katika mfereji wake, hivyo ncha kali haikuwa hatari. Savage Model 99 za mwanzo hata zilikuwa na kidirisha kidogo ubavuni kilichoonyesha idadi ya risasi zilizobaki. Kwa uhandisi mtupu ilikuwa bora kuliko Winchester. Lakini ilikuwa na sehemu nyingi za kutengeneza kwa ustadi, na baadhi ya risasi zake, kama .303 Savage, leo karibu hazipatikani dukani. Mrithi wake hupewa bunduki nzuri na kazi ya kutafuta maganda ya kujazia mwenyewe.

Browning naye alitoa jibu lake mwaka 1895, bunduki ya wenzo yenye sanduku la risasi badala ya bomba, na hiyo ndiyo iliyofika Afrika Mashariki kwa kishindo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit, kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, baba na mwana walikuwa na Winchester 1895 za .405, risasi nzito ya kukabili simba. Safari ile ilikuwa ya fahari na wapagazi wengi mno, mbali kabisa na mkulima wa Pennsylvania anayewinda nyama ya majira ya baridi. Kilichofanana ni chuma tu.

Mwaka unaotajwa kuliko mingine yote na wapenzi wa bunduki hizi ni 1964. Gharama za mafundi zilikuwa zimepanda, na Winchester ikapunguza kazi ya mikono: kipandishio cha risasi kilichokuwa kimechongwa kutoka chuma kigumu kikawa bati lililokandamizwa, na pini nzima zikabadilishwa kwa pini za bati lililoviringishwa. Bunduki iliendelea kupiga, lakini wenzo ulikuwa na mlio wa kopo, na wanunuzi waliusikia. Kampuni ilirekebisha baadaye, ila sifa haikurudi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na zinazouzwa sasa kwa jina hilo huundwa Japani na kampuni ya Miroku, kwa ufundi safi. Bunduki ya kabla ya 1964 huuzwa ghali zaidi, jambo ambalo huzua ugomvi kwenye familia ambazo zamani hazikuwa na cha kugombania.

Anayepokea bunduki ya babu hapaswi kuipiga kabla haijapita kwa fundi bunduki. Maandishi juu ya mtutu yanataja risasi inayostahili, lakini mtu anaweza kuwa aliipanua chemba miaka mingi iliyopita bila kuandika popote. Fundi hupima nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi, maana chuma kikilika nafasi hiyo huongezeka na ganda huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Hutazama pia shingo ya kitako, pale mti wa mjozi unapoingia kwenye chuma, kwa sababu ufa huanzia hapo, na hufungua gamba la mti la mbele, ambako kutu hujificha.

Ndani ya mtutu kuna hadithi nyingine. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa, na mtutu huota kutu usiku uleule. Mafuta hayayeyushi chumvi. Wazee walijua dawa yake: birika la maji moto likamiminwa mtutuni, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta. Remington ilileta fataki isiyo na chumvi hiyo katika miaka ya 1920, lakini risasi za zamani zilizosahauliwa kwenye makopo ziliendelea kupigwa kwa miongo, na mitutu mingi iliyojaa vishimo leo ni ushahidi wa birika ambalo halikuchemshwa.

Kilicho kigumu zaidi kurithishwa ni ustadi wa kidole gumba. Winchester 94 zilizotoka kabla ya 1992 hazina kitufe cha usalama. Nyundo ina vituo vitatu: chini kabisa, nusu koki, na koki kamili. Ikiwa chini kabisa huegemea pini inayopiga fataki, na pigo juu yake linaweza kuifyatua risasi iliyo chembani. Kwa hiyo bunduki yenye risasi chembani hubebwa kwenye nusu koki. Tatizo huja pale kulungu anapoondoka bila kupigwa na nyundo iko koki kamili. Mtutu huelekezwa ardhini, mahali salama, gumba hubana kichwa cha nyundo, kifyatulio huvutwa, nyundo hushushwa taratibu, kisha hurudishwa kwenye nusu koki hadi mlio wake usikike. Katika baridi ya Novemba, kwa gumba lililokufa ganzi au lililovikwa glavu nene, nyundo huteleza. Kuipakua nako kuna hatari: risasi zote za bombani lazima zipitishwe chembani moja baada ya nyingine kwa kuchezesha wenzo, huku kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Familia makini humfundisha mtoto hayo sebuleni kwa risasi bandia majira ya kiangazi, miezi kabla ya msimu. Kumkabidhi mjukuu bunduki hii siku ya mazishi, bila mafunzo, ni uzembe hata kama ni kwa machozi.

Kisheria urithi ni mwepesi kuliko ununuzi. Marekani haina daftari la taifa la bunduki za kawaida za kuwindia, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, inayokataza watu wa majimbo mawili kuuziana bunduki bila kupitia muuzaji mwenye leseni, inaruhusu bunduki ivuke mpaka wa jimbo kwa wasia au kwa mirathi. Lakini mrithi aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai haruhusiwi kuimiliki, hata kama wasia umemtaja kwa jina, na majimbo kadhaa yana masharti yao ya ziada. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale na husamehewa sehemu kubwa ya sheria hiyo, hivyo miaka minne ya kwanza ya Model 1894 iko upande mmoja wa mstari na iliyobaki upande wa pili. Kodi nayo haiigusi bunduki ya urithi: ile ya asilimia 11, ambayo sheria ya mwaka 1937 huielekeza kwenye hifadhi ya wanyamapori, hutozwa kwenye bunduki mpya na risasi. Bunduki ya babu huchangia risasi zake tu.

Umri hujulikana kwa namba iliyo chini ya mwili wa bunduki. Makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, yanatunza vitabu vya kiwanda cha Winchester, na kwa bunduki za miaka ya mwanzo hutoa barua inayoeleza aina ya mtutu na risasi, na siku iliyoingia ghalani. Barua hiyo hupandisha bei. Kinachoishusha ni usafi wa kupita kiasi: kusugua chuma na kukipaka rangi upya, au kupiga msasa kitako mpaka mikwaruzo itoke. Rangi iliyofifia pale mkono wa kushoto uliposhika kwa miaka hamsini haitengenezeki tena.

Barua ya Cody haisemi nani aliibeba baadaye. Hayo huandikwa na wenyewe, kwenye karatasi inayotunzwa kando na bunduki: jina, miaka, kulungu wa kwanza, na risasi inayoipenda. Bunduki yenyewe hufungiwa kabatini, imefutwa kwa mafuta kidogo, nje ya ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi huvuta unyevu na chuma huota kutu mahali kinapogusana nayo.